Mamake Nani? Tuisafishe Programu Yetu Kabla ya Kuitia Karo

Nimepewa nafasi hii nitoe maoni yangu. Najua wengi wenu mngependa kusoma visa vya mapenzi na vichekesho vya bwenini, lakini leo nawaomba mnivumilie niseme habari ya tarakilishi. Msifungue ukurasa wa pili kwanza! Jambo lenyewe linahusu alama zenu, na muhula ujao huenda likahusu karo za wazazi wenu.

Nitaanza na Kiswahili, kwa maana hapa ndipo nyumbani. Mwanafunzi akiandika katika insha, "Juma alikutana na Ali akamwambia kwamba mamake anamtafuta," mwalimu hufanya nini? Huchukua kalamu nyekundu, akazungusha duara, akaandika pembeni: "Mamake nani?" Aliyeandika anajua. Kichwani mwake yumo Juma, au yumo Ali. Msomaji ndiye hajui, naye akikisia vibaya, mtoto asiyehusika atakimbia nyumbani bure. Nawasihi muuweke mfano huo akilini, kwa sababu kosa lililotokea katika programu yetu ya alama ni hilo hilo, wala si jingine.

Chama chetu cha Kompyuta kina programu inayoweka alama za mitihani na kuchapisha ripoti za mwisho wa muhula. Imeandikwa kwa lugha ya Python. Ilianzwa na ndugu zetu waliokwisha kuondoka, nao walipoianza ilikuwa ndogo tu, mistari sitini hivi. Waliofuata wakaongeza yao, na waliowafuata wakaongeza yao pia. Leo ina mistari zaidi ya 1,400. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeijua yote. Wahenga walinena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kilikwenda mrama kweli kweli.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, ambaye jina lake ndilo la mwisho katika rejista ya darasa lake, alipewa ripoti iliyosema amepata 31 katika Kemia. Karatasi yake ya mtihani ilikuwa mkononi, imeandikwa 74. Akaenda majilisini kulalamika. Hamadi! Badala ya kusikizwa, akaulizwa ni nani aliyeandika ile 74. Akaambiwa eti kompyuta haidanganyi, ila binadamu hudanganya. Akatakiwa alete mzazi. Mamake akaacha kazi ya siku nzima, akapanda matatu, akaja kuketi kwenye benchi nje ya afisi, bintiye kando yake analia. Nilipita pale nikiwa nimebeba vitabu, nikawaona, nikaenda zangu. Sikujua kwamba mwenye kosa ni mimi.

Ukweli ulijulikana baada ya juma zima. Mwalimu wa somo alitoa daftari lake la alama, na daftari likasema 74. Walimu walimwomba mwenzetu msamaha mbele ya mzazi wake, nami nawapongeza kwa hilo, kwa kuwa si kila mkubwa anayeweza kumwambia mdogo samahani. Waama, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini swali likabaki: ile 31 ilitoka wapi?

Tulipekua karatasi za zamani tukagundua kwamba jambo kama hilo lilikuwa limetokea mara mbili nyingine, katika madarasa mengine. Sisi tuliojiona wajuzi tulikuwa tunalaumu kibodi, mara stima, mara mwalimu aliyebonyeza vibaya. Mwanachama mmoja mgeni kabisa, ambaye hata kuandika mstari mmoja wa Python alikuwa hajajifunza, ndiye aliyeuliza, "Mbona kila mara ni yule wa mwisho katika rejista?" Tukatazamana. Naam, wote watatu walikuwa wa mwisho!

Sasa nieleze kilichotokea, na nitajaribu kukieleza kwa namna ambayo hata asiyewahi kugusa tarakilishi atakielewa.

Ndani ya programu mna vigeu. Kigeu ni kama kisanduku kidogo chenye jina, ambacho unaweza kutia kitu, ukakitoa, ukatia kingine. Mna pia fankisheni, yaani mafungu ya maagizo, kila fungu na kazi yake: hili husoma alama, hili hupiga wastani, hili huchapisha. Kigeu kinaweza kuwa cha fankisheni moja tu, kikazaliwa nayo na kufa nayo. Au kinaweza kuwekwa nje, mahali pa wazi, kila fankisheni ikakisoma na kukibadilisha ipendavyo. Hicho cha pili nitakiita kigeu cha wote.

Programu yetu ilikuwa na kigeu cha wote kilichoitwa mwanafunzi_wa_sasa. Mwalimu akifungua jina la mwanafunzi kwenye skrini, jina hilo hutiwa ndani yake. Akiandika alama na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, fankisheni ya kuhifadhi huchungulia mle ndani kuona alama ni za nani. Vizuri kabisa, sivyo?

Halafu nikaja mimi. Niliambiwa niongeze fankisheni ya kuchapisha ripoti za darasa zima. Ilinibidi nipitie wanafunzi mmoja mmoja kutoka juu ya rejista hadi chini. Nikaona kigeu kile kipo tayari, nikakitumia. Kila ripoti iliyochapishwa, nilitia jina la mwenyewe humo. Kazi ilipokwisha, jina lililobaki ndani lilikuwa lipi? La mwisho katika rejista. Sikulitoa. Nilijaribu mara tano, ripoti zikatoka safi, nikapigiwa makofi.

Basi mwalimu anafungua jina la mwanafunzi fulani. Kabla hajaandika alama, anaombwa achapishe orodha ya darasa. Anachapisha. Anarudi. Skrini bado inaonyesha jina lile lile alilolifungua. Anaandika 31, anahifadhi. Alama zinakwenda kwa yule wa mwisho! Naye mwenye 31 yake anaonekana hana alama, mwalimu anadhani amesahau, anaiandika tena, mambo yanakaa sawa upande huo. Upande wa pili hakuna anayetazama. "Hifadhi alama yake." Yake nani? Mamake nani?

Tazameni ubaya wa kosa hili. Fankisheni ya kuhifadhi haikuwa na kasoro. Fankisheni ya kuchapisha haikuwa na kasoro. Ukiisoma kila moja peke yake, utaipa alama zote. Kosa lilikuwa katikati yao, mahali pasipoandikwa na mtu yeyote, kwa sababu zote mbili zilishika kisanduku kimoja bila kuambiana. Ndiyo maana tulilitafuta siku nyingi tusilione.

Pengine mtasema kwamba haya ni makosa ya watoto wa shule. La hasha. Miaka ya 1980 palikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iitwayo Therac-25, iliyoundwa na kampuni ya serikali ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine hiyo iliwapiga wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, kwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Nancy Leveson na Clark Turner walichunguza mkasa huo na kuchapisha waliyoyaona mwaka 1993. Mojawapo ya makosa lilikuwa hili: mhudumu aliandika herufi ya aina moja ya matibabu, akatambua amekosea, akarudi akasahihisha upesi. Skrini ikaonyesha masahihisho. Lakini sehemu nyingine ya programu, iliyokuwa ikipanga sumaku za mashine kwa muda wa sekunde 8 hivi, haikuona mabadiliko hayo. Sehemu hizo zilikuwa zikipashana habari kupitia vigeu vya wote. Skrini inasema hili, mashine inafanya lile.

Sisemi kwamba vigeu vya wote peke yake ndivyo vilivyowaua wagonjwa wale. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzima mionzi, na katika Therac-25 kazi hiyo ikaachiwa programu. Fauka ya hayo, wagonjwa walipolalamika kwamba wameungua, waliotengeneza mashine walishikilia kuwa haiwezekani. Jamani, hamsikii sauti ya "kompyuta haidanganyi" hapo? Wenzetu waliungua miili, sisi tulimliza msichana mmoja na mamake. Uzito si sawa hata kidogo, lakini mzizi unafanana.

Wala si kwamba hatukuonywa. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Wulf na Mary Shaw, walichapisha makala yaliyosema wazi kwamba kigeu cha wote ni kitu cha kudhuru. Mwaka 1999 Martin Fowler alitoa kitabu kizima juu ya kuupanga upya msimbo wa programu hatua kwa hatua bila kubadili kazi inayoifanya. Ni miaka mingi sasa. Dawa ipo, ila sisi ndio tulikuwa hatunywi.

Baada ya mkasa ule, chama chetu kiligawanyika pande tatu.

Upande wa kwanza walisema tuliondoe kosa lile moja, tuongeze mstari wa kurudisha jina la kwanza baada ya kuchapisha, mambo yaishe. Hao ni wenye haraka, na haraka haraka haina baraka. Tulipohesabu vigeu vya wote tulipata 31. Ukiziba tundu moja katika gunia lenye matundu 31, mahindi yatamwagikia pengine.

Upande wa pili walisema tuitupe programu nzima, tuandike mpya. Hawa nawaelewa, kwani ni raha kuanza daftari jipya. Lakini programu ile mbaya inajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Inajua kwamba mwanafunzi aliyekosa mtihani haandikiwi sifuri, huandikiwa alama ya kutokuwepo, na wastani wake hupigwa vingine. Inajua anayesoma Kilimo hasomi Biashara. Kila moja ya sheria hizo iliingia baada ya mtu kulalamika. Tukiitupa, itatubidi tungoje malalamiko yale yale upya, na kila lalamiko ni mzazi kwenye benchi.

Mimi nilikuwa upande wa tatu, na mpaka leo nipo: isafishwe polepole, kigeu kimoja kimoja, ikiwa inaendelea kufanya kazi. Nitawaeleza tulivyofanya ili msidhani ni maneno matupu.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, tulichukua alama za muhula mmoja uliopita pamoja na ripoti zake tulizozihakikisha kwa madaftari ya walimu. Hizo zikawa mizani yetu. Kila tukibadilisha kitu, tunaendesha programu kwa alama zile zile na kulinganisha ripoti. Ikitofautiana hata nukta moja, tunarudi nyuma.

Pili, tuliviandika vigeu vyote 31 ubaoni na kuvigawa. Katika Python, fankisheni ikitaka kutia thamani mpya katika kigeu cha wote ni lazima itangaze kwa neno "global", kwa hiyo tulilitafuta neno hilo faili nzima. Lakini tahadharini! Orodha inaweza kuongezwa kitu bila tangazo lolote, na hapo ndipo tulikuta vigeu viwili vilivyokuwa vimejificha. Mwishowe tulipata hivi: 9 vilikuwa havibadiliki kamwe, kama vile mipaka ya gredi. Hivyo tuliviacha pale pale, tukaviandika kwa herufi kubwa ili kila mtu ajue si vya kuguswa. Vingine 12 vilitumiwa na fankisheni moja tu, vikiwa vimewekwa nje kwa uvivu. Tulivirudisha ndani. Vilivyobaki, 10, ndivyo vilivyokuwa vya kugombaniwa kweli.

Tatu, hao 10 tukaanza kuwashughulikia mmoja mmoja. Zamani mstari uliandikwa hifadhi_alama(31). Sasa unaandikwa hifadhi_alama(mwanafunzi, "Kemia", 31). Mnaona? Ile fankisheni haichungulii tena kisandukuni. Inaambiwa waziwazi: ni nani, somo gani, alama ngapi. Ni kana kwamba mwandishi wa insha amefuta "mamake" akaandika "mamake Juma". Na jambo la kupendeza ni kwamba sasa unaweza kuijaribu peke yake, bila kuiwasha programu nzima.

Kuna waliopinga, nao hawakukosa hoja. Walisema kwamba ukipeleka kila kitu kwa mkono, fankisheni zitabeba mizigo kama punda wa Lamu. Ni kweli, moja yetu ilifika mizigo saba. Lakini tulipoitazama tuliona kwamba mitano kati ya hiyo saba ilikuwa habari za mwanafunzi mmoja: jina, nambari, kidato, mkondo na masomo yake. Tukaifunga pamoja kuwa kitu kimoja, mizigo ikawa mitatu. Mzigo mrefu ulikuwa unatuonyesha mambo yaliyostahili kukaa pamoja. Kisanduku cha wote kilikuwa kinatuficha hilo, na mficha uchi hazai.

Kazi hii imetuchukua Alhamisi sita mpaka sasa. Vigeu 6 kati ya vile 10 vimekwisha, mwanafunzi_wa_sasa akiwemo. Bado 4. Na hapa ndipo shida yangu ilipo, na sababu ya kuandika makala haya.

Alhamisi sita hizo hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Siku ya wazazi vyama vingine vilionyesha maroketi ya maji na keki. Sisi tulionyesha programu ile ile, skrini ile ile, vitufe vile vile. Mzazi mmoja akatuuliza, "Sasa nyinyi mmefanya nini mwaka mzima?" Tulicheka tu, lakini iliuma. Kazi ya kusafisha haina makofi. Anayeongeza kitufe kipya husifiwa, na anayezuia kosa lisitokee hakuna anayemjua, kwa kuwa kosa lenyewe halikuonekana.

Kwa hiyo baadhi ya wenzangu wamechoka. Sasa kuna pendekezo kwamba muhula ujao tuongeze sehemu ya karo katika programu hii: nani amelipa, nani ana salio, nani aitwe afisini. Wazo ni zuri na lingewapunguzia makarani kazi. Lakini mimi nasema, tena nasema kwa sauti: tusiongeze karo mpaka vile 4 viishe.

Mojawapo ya vile 4 ndicho kigeu kinachoshika muhula tulio nao. Kingine kinashika faili inayoandikwa sasa hivi. Fikirieni mzazi amelipa elfu kumi na tano za muhula wa pili, na fankisheni nyingine ilikuwa imekiacha kigeu kile katika muhula wa kwanza. Pesa zitaandikwa, lakini mahali pasipo pake. Skrini itasema mtoto hajalipa. Na mtoto asiyelipa, jamani, mnajua hupelekwa wapi. Hupelekwa langoni na sanduku lake. Alama iliyokosewa ilimliza mwenzetu siku saba. Karo iliyokosewa itamrudisha mtu kijijini, na atakaporudi shuleni somo limekwenda bila yeye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa siku za masomo za mtu mwingine.

Mapendekezo yangu basi ni matatu. La kwanza, Alhamisi zote za mwanzo wa muhula ujao ziwe za kumaliza vile 4, kisha karo ifuate. La pili, chama kiwe na sheria kwamba hakuna anayeongeza kigeu cha wote kinachobadilika bila kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini. Akikosa neno la kusema, basi hakihitaji. La tatu nawaelekezea walimu wetu kwa heshima zote: mwanafunzi akija na karatasi inayopingana na tarakilishi, naomba lifunguliwe daftari kwanza kabla ya kuitwa mzazi. Tarakilishi haidanganyi, ni sawa. Lakini haijui kuuliza "mamake nani?" Hufuata tu ilivyoambiwa, na walioiambia ni sisi, watoto wenu, tunaokosea.

Mwenzetu yule nilimtafuta nikamwambia kwamba mstari ule niliuandika mimi. Alinitazama kitambo, kisha akauliza kama sasa umefutwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na ile mingine?" Nikakosa jibu. Ningependa mwaka ujao, akisoma jarida hili akiwa Kidato cha Nne, awe amekwisha kulipata.

Nakomea hapa. Mwenye masikio na asikie.

Mwanachama, Kidato cha Tatu